"Mama Yako Ana Kinubi?"

Nilipokuwa Kidato cha Pili tulipewa sentensi ya Kiingereza tuitafsiri: "Mother keeps harping on my shoes." Nami kwa madaha nikaandika: "Mama anaendelea kupiga kinubi juu ya viatu vyangu."

Darasa zima likaangua kicheko. Mwalimu aliuliza tu, "Kwani mama yako ana kinubi?"

Ni kweli "harp" ni kinubi, ile ala ya nyuzi nyingi. Lakini Waingereza wa kale walimsema mtu apigaye uzi mmoja tu, sauti ile ile hadi masikio yachoke. Msemo huu ni mkongwe. Shakespeare aliutumia katika tamthilia ya Hamlet, yapata mwaka wa 1600. Uzi ukasahaulika, ikabaki maana: kurudia jambo lile lile hadi kuudhi.

Je, Kiswahili kinasemaje? "Kulalamika" hakutoshi, maana mtu aweza kulalamika mara moja akanyamaza. "Kunung'unika" ni kusema chini kwa chini. Lakini tunazo njia tatu nzuri:

1. Kurudufu kitenzi: kusemasema, kulialia.
2. Kutaja wakati: kila kukicha, kutwa kucha.
3. Kutumia picha yetu: wimbo wake ni ule ule.

Basi nikasahihisha: "Kila kukicha wimbo wa mama ni ule ule: viatu vyangu." Nikapata alama zote.

Hata hivyo, kuna jambo ambalo sikuandika daftarini. Maneno haya husemwa na msikilizaji aliyechoka, si msemaji. Mama hakuwa akiimba. Alitaka nivipeleke viatu kwa fundi kabla soli haijang'oka, nami nikapuuza. Muhula wa tatu soli ikang'oka kweli, mama akauza kuku wake wawili wa kutaga ili aninunulie vingine. Siku hiyo hakusema hata neno. Wallahi, nilitamani aimbe!

Kwa hivyo, ndugu zangu, kabla hujasema fulani anaimba yale yale, jiulize kama umemsikia hata mara moja. Wahenga walinena: sikio la kufa halisikii dawa.

Kiswahili kitukuzwe!