Kuotesha Mbegu za Miti ya Dawa

Watu wengi wa Likoni, Kisauni na Changamwe hutumia dawa za miti, lakini wachache ndio wapandao miti hiyo. Zamani haja ya kupanda haikuwa kubwa. Msitu ulikuwa karibu, na wazee wa Kimijikenda waliihifadhi miti katika kaya zao, ambazo baadhi yake zilitiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2008. Siku hizi nyumba zimeenea, na mti uliosalia mtaani huchunwa magome na kila mwenye haja. Mti uliochunwa gome kuzunguka shina lote hufa, kwa kuwa chakula kitengenezwacho majanini hakifiki tena mizizini. Basi atakaye dawa kesho hana budi kuotesha mbegu leo.

Wengine hupanda, wakaona hapaoti kitu, wakasema mbegu ni mbovu. Mara nyingi sababu ni kutojua tabia ya mbegu. Miti miwili ya Pwani yaonyesha jambo hili waziwazi.

Wa kwanza ni mwarobaini, ambao asili yake ni Bara Hindi. Mbegu yake haiwekeki. Baada ya miezi michache huwa imekufa, ingawa kwa macho yaonekana nzima. Yafaa kuokota matunda yaliyoiva manjano, kuondoa nyama yake, kuziosha mbegu, kuzianika kivulini siku moja au mbili, na kuzipanda kabla ya majuma mawili kwisha. Zisifungwe mahali pasipopita hewa, maana zitaoza.

Wa pili ni mkwaju. Mbegu yake hukaa muda mrefu bila kuharibika, lakini ganda lake ni gumu na maji hayapenyi upesi. Imempasa mpandaji kulikwaruza ubavuni kwa tupa au jiwe mpaka weupe wa ndani uonekane kidogo, kisha ailoweke mbegu majini usiku kucha.

Kabla ya kupanda nyingi, mbegu kumi zifungwe katika kitambaa chenye unyevu na kutazamwa kwa majuma mawili au matatu. Zikiota nne tu, yafaa kutia mbegu mbili au tatu katika kila kopo.

Kopo litobolewe chini ili maji yapite. Udongo mweusi sehemu tatu, samadi iliyooza sehemu moja, na mchanga sehemu moja hufaa. Mbegu ifukiwe kama upana wa kidole kidogo. Makopo yawekwe chini ya kivuli cha makuti, na yanyweshwe kwa kiasi, kwani maji yakizidi shina la mche huoza. Miche ikipata nguvu, makuti yapunguzwe kidogo kidogo ili izoee jua.

Baada ya miezi mitatu au minne, miche ihamishiwe shambani mvua za masika au za vuli zianzapo. Mizizi isiachwe ikajizungusha ndani ya kopo, maana mti hautashika ardhi vema.

Tena ikumbukwe kuwa mti uani hauondoi haja ya daktari. Mtoto mwenye homa apelekwe hospitali apimwe damu siku ile ile.