Msimamizi Si Mwenye Mali
Haki ya Mtu Mzima Mwenye Ulemavu Katika Islam



Katika Milima ya Upare, kama katika sehemu nyingi za nchi yetu, mzee afapo ukoo hukutana kugawa mashamba. Ikiwa miongoni mwa warithi yumo kiziwi, asiyeona au mwenye akili dhaifu, mara nyingi husikika neno hili: “Fungu lake tutamshikia sisi.” Neno hilo laweza kuwa la huruma, na laweza kuwa mlango wa dhuluma. Miaka hupita, na shamba la tangawizi kule Mamba Miamba, au la mpunga huko Ndungu, likahesabiwa kuwa la kaka mtu. Naye mwenyewe akawa mwombaji wa chakula juu ya ardhi yake. Basi na tutazame dini yafundisha nini. (Katika hesabu ya aya tulizotaja, Bismillahi ni aya ya kwanza.)

Kwanza: Fungu lake ni lake

Kurani Tukufu (4:8) imeweka fungu la wanaume na fungu la wanawake katika mali waliyoacha wazazi na jamaa, iwe chache au nyingi. Mwuaji hamrithi aliyemuua. Lakini upofu, uziwi na udhaifu wa akili havikuwekwa kamwe kuwa vizuizi vya urithi.

Pili: Usimamizi ni amana yenye mipaka

Aya ya 4:6 yakataza kuwakabidhi mali wasio na busara ya kuitunza; lakini papo hapo yaamuru walishwe na kuvishwa kwayo, na waambiwe maneno mema. Aya inayofuata, ihusuyo mayatima, yaamuru wajaribiwe, na wakionekana wamepevuka warudishiwe mali yao mbele ya mashahidi. Mlezi tajiri ajizuie. Maskini achukue kwa kadiri ya haki tu. Na katika 2:283, mdaiwa asiyeweza kuandikisha deni lake, walii wake aandikishe kwa uadilifu. Angalia vema: walii husema kwa ajili yake, lakini mali na deni hubaki vya mwenyewe.

Tena, kipimo hapa ni ufahamu, wala si kiungo cha mwili. Kiziwi au kiwete mwenye akili timamu hahitaji msimamizi, ahitaji kusikilizwa.

Tatu: Msaidie aamue

Huenda muulizaji akasema: “Je, tumwache atapeliwe?” Jibu limo katika Hadithi. Habban bin Munqidh r.a. (wengine husema ni baba yake) alijeruhiwa kichwani, ulimi na fahamu vikadhoofika, naye akawa akipunjwa sokoni. Jamaa zake walimwomba Mtume Mtukufu s.a.w. amzuie. Alimkataza, lakini aliposema kwamba hawezi kuacha biashara, Mtume s.a.w. alimfundisha kutoa sharti kila auzapo au anunuapo, kwamba pasiwe na udanganyifu. Na katika baadhi ya mapokezi akampa siku 3 za kurudisha bidhaa. Hakumnyang’anya soko, alimwekea ulinzi sokoni.

Vivyo hivyo Ibn Umm Maktum r.a., aliyekuwa kipofu, aliadhini mjini Madina. Hakuweza kuona alfajiri. Watu walimwambia kumekucha, naye akaadhini. Macho yalikuwa ya wengine, kazi ilikuwa yake. Na Imam Abu Hanifa aliona kwamba mtu mzima mwenye akili hazuiliwi mali yake kwa sababu tu ya kutoitumia vizuri, ingawa wanafunzi wake Abu Yusuf na Muhammad walihitilafiana naye.

Nne: Sheria ya nchi

Mwaka 2009 Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao kifungu chake cha 12 chataka watu hao watambuliwe sawa na wengine mbele ya sheria na wapewe msaada wa kuitumia haki hiyo. Mwaka 2010 ikatungwa Sheria ya Watu Wenye Ulemavu. Nayo Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 yahusisha mahakama katika kusimamia mali ya mgonjwa wa akili. Basi kikao cha ukoo si mahakama.

Yatupasayo kutenda

Mwenye haki aketi kikaoni, na aletwe ajuaye lugha yake ya alama. Shamba liandikwe kwa jina lake, na hati ya hakimiliki ya kimila isitoke kwa jina la mwingine. Zamu yake ya maji ya ndiva isipewe jirani kwa kuwa tu hawezi kuidai kwa sauti. Kila mavuno, msimamizi atoe hesabu mbele ya mashahidi. Na watu wajitokezao kwa msaragambo wa mfereji wasishindwe kujitokeza kulilima shamba la ndugu asiyejiweza, mazao yakabaki yake.

Ewe msomaji, kama unashika mali ya ndugu yako, jiulize leo: akinitaka hesabu, ninayo? Duniani huenda asiweze kuuliza. Mbele ya Mwenyezi Mungu ataulizwa aliyeshika.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa waaminifu katika amana zetu. Amin.