Kuvuta bomba la maji hadi kitongojini: ushauri kutoka Kyela

Watu wakitaka bomba la maji lirefushwe hadi kwao, jambo la kwanza ni kuchangishana. Mimi nimekuwa katibu wa kamati ya maji ya kitongoji chetu hapa Kyela, na nasema fedha zisubiri. Ulizeni kwanza bomba mnalotaka kuungia ni la nani. Mjini mnakwenda kwa mamlaka ya maji. Vijijini mnaanza na chombo cha watumia maji, kisha ofisi ya RUWASA ya wilaya, wakala ulioanza kazi Julai 2019 kwa Sheria Namba 5 ya mwaka huo. Barua ikiingia ofisi isiyohusika, hulala hukohuko.

Barua ipitie kwa mwenyekiti na mtendaji, na iambatane na muhtasari wa mkutano wenye majina na saini. Muhtasari useme nani atachimba, nani atanunua mabomba, na kwamba kazi ikiisha bomba ni mali ya mwenye mtandao. Hapo ndipo kwetu palipozuka kelele: waliochanga hawakutaka kusikia kwamba jirani asiyetoa hata senti naye ataunganishiwa. Ndivyo ilivyo lakini. Likishakabidhiwa, kila anayetimiza masharti anapewa maji. Mnaotaka michango irudishwe kupitia bili, ombeni mapema na mjibiwe kwa maandishi.

Fundi akija kupima, tembeeni naye njia nzima. Haangalii umbali tu. Maji ya mserereko yanayoshuka kutoka milimani hadi kwenye tambarare yetu yana kikomo, naye anataka kujua presha inabaki kiasi gani jioni, koki zote zikiwa wazi. Akipendekeza bomba nene kuliko mlivyotarajia, bishaneni naye kuhusu bei, kipenyo mwachieni.

Kinachochelewesha zaidi ni njia. Barabara kuu ya Uyole–Tukuyu–Kasumulu iko chini ya TANROADS, na hifadhi yake ni mita 30 kila upande kutoka katikati. Barabara za wilaya ni za TARURA. Kulaza bomba humo, au kukata barabara, kunahitaji kibali cha maandishi kabla jembe halijagusa udongo. Mkipita mashambani, kila mwenye shamba aweke saini mbele ya mtendaji. Mzee anaweza kukubali kwa mdomo leo, kesho mwanawe akarudi kutoka Mbeya na kuanza kuhesabu miti ya kakao.

Vibali vikikamilika, chimbeni kiangazi. Huku mvua ya Aprili haina mzaha: mtaro hujaa maji, na bomba la plastiki lililo tupu huelea juu kama mtumbwi, kazi yote mkairudia. Mabomba yawe na alama ya TBS. Fukieni sehemu za kati mapema ili bomba litulie, ila maungio yaacheni wazi mpaka mtaalamu apime presha na kusaini. Bila saini hiyo msiungie kwenye bomba kuu, kwa maana kujiunganishia maji ni kosa kisheria.

Sasa changeni. Malipo ya ofisi hufanywa kwa kumbukumbu namba ya malipo ya serikali, na risiti anatunza mweka hazina. Yeyote anayetaka apewe mkononi ili "aharakishe", msimpe.