Kuyaogopa Mawazo Yako Mwenyewe

Wengi wanaokuja kwa mtaalamu wa saikolojia huanza kwa kusimulia wanachokiwaza: deni, ndoa, ugonjwa, mtoto asiyesikia. Mimi huwasikiliza, kisha huwauliza jambo ambalo pengine hawajawahi kuulizwa: unaamini nini kuhusu huko kuwaza kwenyewe? Naona sehemu kubwa ya mateso ya wasiwasi imejificha katika jibu la swali hilo. Haya ni maswali ninayoulizwa mara kwa mara.

Imani kuhusu mawazo ndiyo nini? Si mawazo yale yale tu?

Hapana. “Mwanangu atapata ajali njiani” ni wazo. “Mama anayejali lazima ayawaze mabaya yote kabla hayajatokea” ni imani kuhusu wazo. “Nikiendelea kuwaza hivi nitarukwa na akili” ni imani nyingine, nayo ndiyo yenye sumu zaidi.

Mwaka 1994 wanasaikolojia Adrian Wells na Gerald Matthews walijenga nadharia kwamba mawazo mabaya humpitia kila mtu; kinacholeta ugonjwa ni namna mtu anavyoyapokea na kung'ang'ana nayo. Wells, wa Chuo Kikuu cha Manchester, pamoja na Sam Cartwright-Hatton, walichapisha dodoso la kupima imani hizo mwaka 1997, na mwaka 2004 wakalifupisha hadi maswali 30. Katika tafiti nyingi zilizofuata, imani inayoambatana zaidi na wasiwasi uliokithiri ni ile ya kwamba kuwaza hakuzuiliki na kutamletea mtu madhara.

Daktari, ninalea watoto peke yangu. Kuna ada, kodi ya nyumba, na mama yangu anaumwa. Nisipowaza mimi, nani atawaza?

Pole sana, dada yangu. Sitakwambia kwamba shida zako ziko kichwani tu. Deni ni deni, na mtaalamu anayesahau hilo hafai kusikilizwa.

Ila kupanga ni kitu kimoja na kuwaza ni kingine. Kupanga kuna mwisho: unapiga hesabu, unaamua kwenda kumwona mwalimu mkuu Jumatatu umwombe ulipe kidogokidogo, basi, unalala. Kuwaza kunakokutesa hakuna mwisho. Saa nane za usiku bado unajiuliza “itakuwaje, itakuwaje”, na kunakucha huna shilingi wala uamuzi. Kinachokufunga hapo ni imani kwamba kukesha na shida ndiko kujali. Jiulize kwa haki: wiki iliyopita, ni jambo gani lililotatuliwa na kule kukesha?

Nchini Zimbabwe, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianzisha huduma ambamo kina bibi waliofunzwa hukaa na wagonjwa kwenye benchi nje ya zahanati na kuwasaidia kuchagua shida moja na kuitafutia hatua inayowezekana. Jaribio la Harare lenye watu 573, lililochapishwa mwaka 2016, lilionyesha kwamba dalili za waliokaa na bibi hao zilipungua kuliko za wale waliopata huduma ya kawaida iliyoboreshwa. Shida za watu wale zilikuwa za kweli kabisa, kama zako. Walichosaidiwa ni kutoka kwenye kuzunguka nazo na kuingia kwenye kuzishughulikia.

Nikiyafukuza mawazo yanarudi kwa nguvu zaidi. Nina kasoro gani?

Huna kasoro. Mwaka 1987 Daniel Wegner wa Marekani na wenzake waliwaomba wanafunzi wasimwaze dubu mweupe kwa dakika tano, na kila akiwajia wapige kengele. Kengele ziliendelea kulia. Tena waliporuhusiwa kumwaza, walimwaza zaidi kuliko wale walioruhusiwa tangu mwanzo. Anayeamini kwamba ni lazima ayatawale mawazo yake yote amejipa kazi isiyowezekana, halafu anaposhindwa anajiona mgonjwa.

Nikitawadha nahisi udhu umetenguka, narudia mpaka wenzangu wanamaliza kuswali. Tena hunijia maneno ya kumkufuru Mungu, nayachukia. Je, mimi ni mwovu?

Hapana, kijana wangu. Mwovu hateswi hivyo. Mwaka 1978 Stanley Rachman na Padmal de Silva walionyesha kwamba takriban asilimia 80 ya watu wasio na ugonjwa hupata mawazo ya ghafla wasiyoyataka: ya matusi, ya kumdhuru mtu, ya aibu. Hayo huja na kupita. Wewe unayashika kwa sababu unaamini kuliwaza jambo ni sawa na kulitenda.

Wazee wetu wa elimu walilijua hili zamani. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kuhusu wasiwasi wa nafsi katika kitabu chake cha afya ya mwili na roho. Na fiqhi ina kanuni yake: yakini haiondolewi na shaka. Tiba inafuata njia hiyo hiyo. Utatawadha mara moja, utakwenda kuswali na shaka yako ikiwa bado ipo, na polepole utaona inalegea. Ni vigumu mwanzoni, kwa hiyo tafuta mtaalamu wa kukuongoza, na umshirikishe shehe unayemwamini.

Nijaribu nini nyumbani?

Ahirisha. Thomas Borkovec na wenzake wa Pennsylvania walichapisha njia hii mwaka 1983: tenga nusu saa ya kuwaza, saa ile ile kila siku, mbali na kitanda. Wasiwasi ukija mchana, uambie usubiri saa yake, kisha rudi kwenye kazi iliyo mbele yako. Si kuufukuza, ni kuuacha ukae bila kuujibu. Wengi wakifika jioni hukuta jambo limepoa. Ninachokithamini zaidi ni ushahidi anaoupata mtu mwenyewe: ukiweza kuahirisha kuwaza, basi ile imani kwamba hakuzuiliki haikuwa kweli.

Na ni lini niende hospitali?

Kama kwa wiki mbili hulali, huli, huna furaha na chochote au kazi imekushinda, nenda. Muhimbili, Mirembe ya Dodoma na Mathari ya Nairobi wana madaktari wa akili, lakini anza na kituo kilicho karibu. Na wazo la kutaka kujiua haliingii katika hesabu ya kuahirisha. Mwambie mtu leo, mwende pamoja.