Mkutubi, Msomaji na Istilahi za Kiswahili Mtandaoni

Makala haya yanadhamiria kuonyesha jinsi teknolojia ya mtandao inavyombadilisha mkutubi kutoka mlinzi wa rafu hadi mshirika wa msomaji katika kuvieleza vitabu.

Tangu Melvil Dewey alipochapisha mfumo wake wa uainishaji mwaka wa 1876, maktaba nyingi zimepanga vitabu kwa nambari. Katika mfumo huo, fasihi ya Kiingereza imetengewa 820 hadi 829, ilhali fasihi ya Kiswahili imebanwa ndani ya 896.392. Aidha, mada za vitabu aghalabu huorodheshwa kwa Kiingereza. Hivyo basi, mwanafunzi anayeandika "utenzi" kwenye tarakilishi huenda asikipate kitabu kilichomo rafuni.

Zana za kulitatua tatizo hili zipo. Mojawapo ni Koha, programu huria iliyoanza kutumika mwaka wa 2000 katika maktaba za Horowhenua, New Zealand. Jina lake ni neno la Kimaori lenye maana ya zawadi. Programu hii humwezesha msomaji kukipa kitabu lebo kwa maneno yake mwenyewe, naye mkutubi anaweza kuzikagua lebo hizo kabla ya kuwafikia wasomaji wengine.

Hata hivyo, zana haijui Kiswahili hadi ifundishwe. Mkutubi anaweza kuufungua mlango, lakini istilahi kama vile "utenzi", "ngano" na "majigambo" tunazo sisi. Tusipoziandika, kazi za Kiswahili zitaendelea kufichika katika maktaba zetu wenyewe.