SOMO: JINO LA MIAKA SITA NA TUPA INAYOPINDA

Wamama, leo tusome habari ya jino linalouma. Watu wengi wanasema dawa yake ni moja tu, kung'oa. Sivyo.

1. Jino la miaka sita
Mtoto akikaribia miaka 6, meno manne makubwa yanaota nyuma ya meno ya utoto, juu na chini. Hakuna jino linalong'oka kuyapisha, basi mama anafikiri ni ya utoto, yatabadilika. Hayabadiliki. Ni ya maisha yote.

2. Kwa nini linauma
Ndani ya jino kuna nyama laini yenye mshipa. Vijidudu vya mdomoni vinageuza sukari kuwa asidi, na asidi inatoboa jino. Vikifika kwenye mshipa, mgonjwa halali usiku. Siku nyingine maumivu yanakoma yenyewe. Usifurahi, mama: huenda mshipa umekufa, na usaha unaanza chini ya mzizi.

3. Kazi ya munganga wa meno
Munganga anatia ganzi, anatoa nyama iliyooza, anasafisha njia za ndani ya mizizi kwa tupa nyembamba kama sindano. Anaosha kwa dawa ya jamii moja na javeli (usijaribu nyumbani, inaunguza!), kisha anaziba. Jino kubwa mara nyingi lina njia 3 au 4, na nyingi zimepinda. Kama mizizi ya mtoto haijamaliza kukua, munganga anachagua njia nyingine akiisha kuona picha.

4. Tupa mbili
Tupa ya chuma cha pua ni ngumu. Katika njia iliyopinda inataka kunyooka, na inaweza kutoboa ukuta wa mzizi. Mwaka 1988 watafiti wa Marekani walieleza tupa ya nikeli na titani, iliyotengenezwa kwa waya wa kunyoosha meno. Hii inapinda pamoja na njia, na ukiitoa inarudi kunyooka. Baadaye ikaanza kuzungushwa na mashine, kama mara 300 kwa dakika moja.

Lakini nayo inavunjika, kwa sababu mbili:
(a) Kuchoka. Chukua waya, upinde huku na huku: mwisho unakatika. Tupa ikizunguka ndani ya kona, kila mzunguko upande mmoja unavutwa na mwingine unabanwa. Inaweza kukatika bila kuonyesha dalili kwa macho.
(b) Kusokotwa. Ncha ikikwama na mashine ikiendelea kuzungusha, tupa inasokotwa kama nguo unayoikamua.

Kwa hiyo munganga anafungua njia kwanza kwa tupa ndogo ya mkono, hasukumi kwa nguvu, anahesabu tupa imetumika mara ngapi, na iliyochoka anaitupa. Kipande kikibaki ndani, anapaswa kukuambia. Mara nyingi jino bado linaweza kutunzwa.

5. Mama afanye nini?
– Uje mapema, tundu likiwa dogo. Kuziba tundu ni kazi fupi na bei ndogo.
– Uliza: "Munganga, jino hili linaweza kuokolewa?" Uliza pia bei na safari ngapi.
– Usiache katikati. Maumivu kuisha si kupona.
– Usiweke aspirini juu ya ufizi, inaunguza.
– Jino lililosafishwa linavunjika kwa urahisi. Usilitafunie vitu vigumu mpaka limefunikwa vizuri.
– Piga mswaki mara mbili kwa siku kwa dawa yenye floridi. Mtoto mdogo, umsaidie mwenyewe.

HATARI! Shavu likivimba mpaka jicho linafunga, au mgonjwa hawezi kufungua mdomo, kumeza au kupumua vizuri, usingoje kesho. Kimbia hospitali, hata usiku.

Maswali
1. Kwa nini jino la miaka sita halina mbadala?
2. Maumivu yakikoma bila dawa, ni dalili ya nini?
3. Tupa inavunjika kwa njia gani mbili?

Leo jioni, mama, angalia mdomo wa mtoto wako kwenye mwanga. Ukiona doa jeusi au tundu, mlete.