Je, naweza kumnyima mteja dawa kwa sababu ya maneno ya watu?

SWALI: Nina duka la dawa muhimu Katoro, Geita. Kijana mmoja wa machimboni huja kununua dawa na kondomu. Majirani wanasema ni shoga, wananitaka nimfukuze. Sheria inasemaje?
Mtoa dawa, Katoro

JIBU: Dada yangu, hakuna sheria Tanzania inayokuagiza umnyime mtu dawa kwa sababu hiyo. Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu kinaadhibu tendo la kujamiiana kinyume cha maumbile, tena kwa kifungo kikali cha hadi maisha. Hakimfanyi mnunuzi wa dawa kuwa mhalifu, wala hakikupi wewe kazi ya upelelezi. Uvumi wa kijiweni si ushahidi.

Ni kweli pia kwamba ulinzi wa kisheria wa kijana huyo ni mdogo. Ibara ya 13 ya Katiba, inayokataza ubaguzi, inataja kabila, dini, jinsia na hali ya maisha; mapenzi ya jinsia moja hayamo. Lakini Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inakataza kuwabagua wanaoishi na VVU, na wewe hujui nani anaishi navyo.

Fikiria pia afya ya jamii: machimboni watu huja na kuondoka, na ugonjwa usiotibiwa husafiri nao hadi Kahama na Shinyanga.

Mhudumie, mwelekeze matumizi ya dawa, tunza siri yake. Majirani waambie dukani kwako anahudumiwa kila mgonjwa.